Mizani, Tableti na Jina la Mkwe

Nilianza kazi mwaka ule tuliokula mbegu. Mwaka wenyewe kwa tarakimu waulizeni wenye vyeti. Mimi naukumbuka kwa mahindi yaliyokuwa yamening'inizwa juu ya jiko, meusi kwa masizi, ambayo mama mkwe wangu aliyashusha huku analia. Tuliyaosha kwa majivu tukayapika makande yasiyo na maharage. Yalikuwa na ladha ya moshi. Kila mtu alitafuna polepole, maana kila punje ilikuwa shina ambalo halitaota. Baada ya hapo tulikula majani ya maboga, na baada ya majani ya maboga hatukula kitu cha kusimulia.

Mwaka huo ndipo shirika letu lilipofika Katesh. Lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, mizani mbili za kuning'iniza, na unga wa lishe kwenye magunia. Walitafuta mwanamke wa kuzunguka vijijini kupima watoto. Awe anajua kusoma namba, awe na miguu, awe anasikia Kidatoga. Mimi ni Mwiraqw wa Endasak, darasa la nne. Kidatoga nilikipata kwa kuchunga. Ng'ombe zetu na zao zilikunywa bwawa moja, na ukitaka ng'ombe ya jirani itoke kwenye shamba lako lazima uijue lugha inayoielewa.

Glory, bosi wenu wa sasa, ndiye aliyeniambia niwaandikie ninyi mnaoanza. Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika. Akasema, "Bibi, andika kama unavyogomba." Basi mkiona nimegomba, mjue nina ruhusa.

Siku ya kwanza nilipewa Bi Mwanaidi anifundishe. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara pale Katesh, mnene, mwenye sauti ya sokoni, na alikuwa amepima sukari na mchele tangu akiwa binti. Aliniambia mizani zote ni waongo mpaka uwashike. Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, tulining'iniza dumu la maji la lita tano. Sindano ikilala pasipo tano, tulizungusha skrubu ya juu ya mizani mpaka ilale. Mpaka leo naona wengi wenu mnaanza kupima bila dumu. Mnamwamini nani?

Alinifundisha pia kwamba mtoto akipanda mizani akilia anarusha miguu, sindano inacheza, na mvivu huandika namba anayoipenda. Subiri. Mpe kidole chako akishike. Na watoto wa Kidatoga walikuja na shanga na bangili. Nilitaka kuzivua. Bi Mwanaidi akanipiga mkono.

"Umemvua mwenzio vitu alivyomvalisha mtoto wake mbele za watu, unategemea mwezi ujao aje?"

"Sasa uzito wa bangili, Bi Mwanaidi?"

"Tafuta bangili kama hizo, zipime peke yake, utoe. Hesabu umesomea au hukusomea?"

Nikanunua bangili mnadani. Ninazo mpaka leo.

Sasa niwaambie kosa langu, maana mengine yote yametokana nalo. Ilikuwa mwezi wangu wa pili, kule Gendabi. Kadi ilikuwa na mstari wa jina la mama, jina la mtoto na jina la mwenye boma. Mama mmoja wa Kidatoga, bado msichana, alikuwa anaishi kwa baba wa mumewe, kwa hiyo mwenye boma ni mkwe wake. Nikamwuliza jina. Akatazama chini. Nikauliza tena. Akasema, "Ni yule mzee."

"Mzee yupi? Hujui unaishi kwa nani?"

Wale mnaotoka mbali mjue hivi: kwa Wadatoga, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Wala la wakwe wengine walio juu yake. Hata neno la kawaida likikaribia kufanana na jina hilo, hulikwepa akatafuta lingine. Na hakuna anayemsimamia kwa fimbo. Ndivyo alivyo, kama wewe usivyoweza kuvua nguo mbele ya baba yako.

Na mimi nilikuwa nalijua hilo. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilikua nao, nilicheza na mabinti zao, nilijua tangu sijaota meno ya pili. Ila siku ile nilikuwa na kalamu mkononi, na foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa nimeshaanza kujiona mtu wa ofisi. Nikampazia sauti. Akalitaja. Alilitaja kwa sauti ya chini sana, na wanawake wote kwenye foleni wakageuza nyuso. Akamfunga mtoto mgongoni akaondoka, unga hakuchukua.

Mwezi uliofuata hakuja. Nilimfuata bomani. Alinipa maziwa, alinipa kigoda, akaniuliza habari za nyumbani kwangu, na alikataa kuja. Hakurudi kwenye mizani mpaka mtoto yule alipopita umri wa kupimwa. Kama alikonda sikujua, kama alinona sikujua. Nilikuwa na jina la mkwe wake lote, limeandikwa vizuri sana.

Nilipomweleza Bi Mwanaidi alishusha chini mizani aliyokuwa anaifuta. Halafu akasema, "Ulitaka jina la nini?"

"Kadi inataka."

"Kadi haina mtoto."

Tangu siku hiyo nilijifunza kupata majina kwa njia ya nyuma. Nilimwuliza binti wa boma, maana binti humtaja baba yake bila shida. Au mtoto mkubwa. Au jirani Mwiraqw aliyekuja kusaga mahindi. Na mara nyingi niliacha. Nilinunua daftari gumu nikaandika kwa alama zangu: boma la mlango wa bati, boma la mbwa wa jicho moja, boma la mama anayecheka. Ukurasa mmoja, boma moja, wake wote watatu na watoto wao humo humo. Mbwa alikufa, mlango wa bati ukauzwa, majina kwenye daftari yakabaki. Miaka ilikwenda hivyo. Nilitembea Gendabi, Endasak, mpaka huko juu Dongobesh walipokosa mtu. Kwanza kwa miguu, baadaye kwa boda, ambayo inafupisha safari na kurefusha maumivu ya kiuno. Watoto wakaanza kuniita Bibi Mizani. Nilijivuna, siwadanganyi. Mkurugenzi wa zamani akitaka kujua hali ya Gendabi alinipigia simu, akakata simu akiwa anajua.

Bi Mwanaidi alifariki, mkurugenzi yule akastaafu, akaja mpya. Kijana wa miaka arobaini, mpole, shati limenyooshwa, si mtu wa huku. Aliniamkia shikamoo kila siku na sijawahi kumsikia akimfokea mtu. Alituita wote kwenye ukumbi wa kanisa akaleta mtaalamu wa mpango mkakati. Mtaalamu akawasha projekta ukutani, akasema shirika lisilojiendesha kama biashara litakufa.

Nikanyoosha mkono. "Mteja wetu ni nani, anayekula unga au anayeleta unga?"

Watu wakacheka. Mtaalamu akasema, "Swali zuri sana, mama," akaliandika kwenye karatasi kubwa, na mpaka wali unakuja halikuwa limejibiwa.

Lakini nisiwe mnafiki. Mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Kwa miaka yote unga wetu ulikwenda panapopitika gari. Watu wa vijiji vya kando ya lami walipata hadi wakawapa kuku, na kule ambako gari linazama, ambako ndiko watoto wana mbavu za kuhesabika, tulifika tukijisikia. Mkakati mpya ulisema: hesabu kwanza, ndipo upeleke. Sikuwahi kusikia neno la maana kama hilo likitoka kwenye projekta.

Zikaja tableti. Nilidhani nitazichukia. Mwezi wa tatu nikampima mtoto wa Endasak, mnene wa mashavu, mchangamfu, mtoto ambaye kwa macho yangu ningempitisha. Tableti ikachora mstari wake. Ulikuwa unashuka, kidogo kidogo, mwezi wa tatu mfululizo. Namba nilikuwa nimeziandika mimi mwenyewe na sikuona. Mama yake alikuwa na mimba nyingine na alikuwa amemwachisha ziwa. Tulimwahi. Siku hiyo niliifuta ile tableti vumbi kwa kanga yangu mwenyewe.

Shida ilikuwa ukurasa wa kwanza. Ninyi mmekuta fomu inaanza na jina la mtoto, mnadhani ilizaliwa hivyo. Wakati ule ilianza na jina la mkuu wa kaya, majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake, na bila hayo ukurasa wa pili haufunguki. Unabonyeza, inakuonyesha alama nyekundu. Unabonyeza tena, alama nyekundu. Na ilitaka mama mwenyewe ndiye ayataje, kisha aweke dole gumba.

Zamu ya Gendabi kupimwa kwa tableti ilipofika, mimi nilikuwa nimelazwa Babati kwa kiuno. Gendabi alipelekwa Glory, mgeni, ametoka chuo, mchapakazi. Akawauliza kina mama jina la mkuu wa kaya. Wakamjibu kwa adabu zao zote. Mmoja akasema, "Mwenye Ng'ombe Weupe." Mke mwenzie wa boma lile lile akasema, "Baba Yao." Wa tatu akasema, "Yule Aliyekaa Kule." Glory, maskini, akaandika kila kitu, kila mmoja na kaya yake. Mashine ikafurahi, kurasa zikafunguka.

Kule makao makuu kompyuta haikufurahi. Boma moja limekuwa kaya tatu, wakuu wa kaya wenye majina yasiyoeleweka, na "Baba Yao" yuko mabomani kumi na moja. Wakaita kaya hewa. Wakasema kuna mtu anatunga watoto ili ale unga. Gendabi ikasimamishwa mpaka ihakikiwe.

Niliporudi niliweka daftari langu mezani, nikasema majibu yote yako humu. Mkurugenzi akalifungua kwa heshima. Akasoma, "Boma la mbwa wa jicho moja." Akanitazama.

"Mbwa huyo alishakufa," nikasema.

Hapo ndipo nilipojiona. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejenga ghala lenye mlango mmoja, na ufunguo niliuvaa shingoni. Nilijivuna kwamba shirika haliwezi kwenda bila mimi, na kweli halikuweza, na watoto ndio waliolipia kiburi hicho. Fomu ile ilikuwa mbaya, sawa. Lakini daftari lisilosomeka na mwingine nalo si la kusifia. Ningekaa na Glory jioni mbili kabla ya kulazwa, nikamweleza boma kwa boma, pasingekuwa na kaya hewa hata moja. Ninyi msifanye nilivyofanya. Kila unachokijua mwambie mwenzio kabla kiuno hakijakukamata.

Miezi miwili Gendabi haikupata unga. Mvua ilikuwa imechelewa, ng'ombe wa maziwa wamepelekwa mbali kwenye majani, na bila ng'ombe mtoto wa Kidatoga hana kikombe. Nilikwenda na mizani yangu hivyo hivyo, mikono mitupu, nikapima. Aliyenitisha alikuwa Gidahoda. Mama yake, ambaye namwita Mama Gidahoda kama wote wanavyomwita, ni mke wa pili katika lile boma la kaya tatu. Mtoto alikuwa amerudi uzito wa miezi saba nyuma. Alinishika kidole lakini hakukibana.

Nikampigia Mkurugenzi simu nikiwa pale pale. Sikumsalimu. "Njoo na unga," nikasema.

Alikuja. Nampa haki yake, alikuja kesho yake, na unga kwenye gari, na Glory. Njiani tukaongea. Alisema wenye fedha wamempa hadi Ijumaa. Kila mama ataje majina matatu ya mkuu wa kaya, tableti irekodi sauti yake, kaya zihakikiwe, unga ushuke siku hiyo hiyo. Bila hivyo Gendabi inafutwa kwenye mpango na fungu lake linapelekwa wilaya nyingine yenye namba safi.

"Majina nitakutajia mimi," nikasema. "Ya maboma yote. Na mabinti zao watakutajia, nawe linganisha."

"Mama, haikubali. Inataka sauti ya mama wa mtoto."

"Nani aliamua hivyo?"

Glory akasema polepole, "Ni mpangilio tu, Bibi. Unaweza kubadilishwa. Ila siyo na sisi, na siyo kabla ya Ijumaa."

Aliyefanya ubadilishwe mwishowe ni Glory mwenyewe. Aliandika barua, akaandika ya pili, akapiga simu mpaka wakamjua jina, na baada ya wiki chache fomu ikaja inayoanza na mtoto, halafu mama, halafu alama ya mahali boma lilipo, na jina la mkuu wa kaya mwishoni, na kisanduku cha kuonyesha nani amelitaja. Kaya hewa zikaisha, Gendabi ikarudishiwa fungu lake. Na Gidahoda leo anafukuza ndama, ukimpita barabarani anakutupia jiwe. Mpaka unga uje alikunywa maziwa ya mbuzi wa dada yangu wa Endasak, niliyoyabeba kwa boda kila asubuhi. Lakini siku ile sikuwa na barua ya Glory, na mbuzi wa dada sikuwa nimeomba bado. Nilikuwa na mizani, na gari lenye unga, limefungwa turubai.

Kina mama walikuwa wameshakaa chini ya mgunga, mavazi yao ya ngozi na mashuka, watoto mapajani. Nikaangika mizani. Nikapima dumu. Tano. Mkurugenzi akawasalimia vizuri, akaeleza jambo lake kwa Kiswahili, nami nikalitafsiri lote bila kupunguza. Mbuzi mmoja alikohoa.

Kulikuwa na bibi mmoja wa boma lile, mama wa mume wa Mama Gidahoda, mfupi, mkali, amekuja kusindikiza. Akaniambia kwa Kidatoga, "Mwulize huyo mwenye viatu, ana mke?"

Nikauliza. Mkurugenzi akasema anaye.

"Mwulize, baba wa mke wake anamwitaje akimwona?"

Mkurugenzi akacheka kidogo. "Namwita Mzee."

"Na jina lake?"

"Jina ninalijua."

"Hatukumwuliza kama analijua. Alitaje, hapa, kwa sauti, na mke wake awepo, na huyo mzee awepo."

Nilipotafsiri, Glory aliangua kicheko akaziba mdomo. Kina mama nao wakacheka, hata Mkurugenzi. Nikafikiri yameisha. Lakini alifuta macho akasema, "Bibi ana haki. Ila ile ni nyumbani, mama, hii ni kazi. Mimi nisipopeleka sauti hizi, Ijumaa Gendabi haipo. Sitaweza kuirudisha." Na niliona usoni kwake kwamba hadanganyi, na kwamba hapendi.

Akanigeukia. "Wewe wanakuamini. Waambie tu. Neno moja la dakika moja. Nitageuka nisitazame. Nitawatoa hata wanaume wote."

Hapo Mama Gidahoda akainuka. Alikuwa haelewi Kiswahili sana lakini alielewa turubai. Akaja mpaka mbele yangu, mtoto begani, akasimama. Bibi mkwe wake aligeuza uso pembeni, hakumzuia. Yule mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaniambia nitaje?"

Angetaja. Nawaambia angetaja, kwa ajili ya kile kichwa kilichokuwa kimelala begani pake. Alitaka tu mtu mzima mmoja abebe naye aibu hiyo. Na unga ulikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nimejiuliza mara nyingi kama kiburi ndicho kilichojibu. Sijui. Nilichokijua ni foleni iliyogeuza nyuso mwaka ule nilipoanza, na mizani iliyokosa mtoto mpaka akakua. Leo angepata unga, mwezi ujao angekosa uso wa kuja nao.

Nikatafsiri swali lake kwa Mkurugenzi, maana ndiyo kazi yangu. Akasema, "Umeona? Mwenyewe yuko tayari. Mwambie ndiyo."

Nikasema, "Simwambii mke wa mtu ataje jina la mkwe wake. Mleteni mtoto nimpime."

Mkurugenzi akamtazama Gidahoda, akatazama gari, akanirudia. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Hata kwa ajili ya mtoto huyu, mama?"

Nikaishika mizani kwa mikono miwili.

"Simwambii mke wa mtu ataje jina la mkwe wake. Mleteni mtoto nimpime."